Matibabu Hayana Bure: Swali ni Nani Analipa, na Analipa Lini

Wapange watu mia moja kwenye mstari kwa kufuata fedha zilizotumika kuwatibu mwaka mzima. Aliyetumia nyingi kuliko wote akae mbele, asiyetumia kitu akae nyuma. Nchini Marekani, ambako hesabu za namna hii hufanywa mara kwa mara, watu watano wa mbele hutumia karibu nusu ya fedha zote. Hamsini wa nyuma, yaani nusu nzima ya mstari, hutumia kama asilimia 3 tu. Nchi nyingine hupishana kwa tarakimu, lakini sura ya mstari ni hiyohiyo: wachache hutumia sehemu kubwa ya fedha zote.

Kwangu mimi, mjadala wote wa huduma ya afya kwa wote unaanzia kwenye mstari huo. Ugonjwa hauji kwa wastani. Mtu hukaa miaka kumi bila kumeza zaidi ya kidonge cha kichwa, kisha mwezi mmoja ukala akiba ya miaka thelathini: ajali, uvimbe, figo zimegoma, mtoto amezaliwa kabla ya miezi yake. Wengine hukaa mbele ya mstari miaka mingi kwa sababu ya maradhi ya kudumu, wengine huingia na kutoka, na mwakani nani atakuwemo hakuna anayeweza kusema. Ndiyo maana ule ushauri wa kila mtu kujiwekea akiba ya matibabu haufiki mbali, hata ukitolewa kwa nia njema. Ukijiwekea kiasi cha wastani, umeweka nyingi mno kama hutaugua, na kidogo mno kama utaugua kweli.

Dawa ya tatizo la aina hii inajulikana tangu zamani, nayo ni kuchanganya fedha. Wote mia watoe kabla hawajaugua, na watano watakaoangukiwa watibiwe kwa kilichokusanywa. Mpaka hapo karibu watu wote wanakubaliana, wa mrengo huu na wa ule. Ugomvi unaanza tukiuliza mfuko huo uwe wa nani, waingie akina nani, na kila mmoja atoe kiasi gani.

Jibu la kwanza ambalo wengi hulipendekeza ni soko. Kampuni za bima zishindane, mwananchi achague. Kwa magari na nyumba utaratibu huo unafanya kazi vizuri. Kwa afya unakwama, na kukwama kwake hakutokani na ubaya wa watu wanaouza bima. Jifikirie wewe ndiye mwenye kampuni. Unatoza ada inayokaribia gharama ya wastani. Ukiweza kumtambua mapema hata mmoja kati ya wale watano wa mbele, na ukapata njia ya kumwacha nje, faida yako itapanda kuliko ungekaa miaka ukiboresha huduma zako. Kwa hiyo utauliza maswali. Una kisukari? Mama yako alifariki kwa nini? Uliwahi kulazwa? Marekani iliishi hivyo kwa muda mrefu. Kabla ya sheria ya mwaka 2010 iliyosainiwa na Rais Barack Obama, katika majimbo mengi kampuni iliruhusiwa kumkataa mtu aliyejinunulia bima mwenyewe, au kumpandishia ada, kwa sababu tayari alikuwa mgonjwa. Aliyehitaji bima kuliko wote ndiye aliyenyimwa.

Na mteja naye ana hesabu zake. Kijana mzima husema atajiunga baadaye, mgonjwa hujiunga leo. Mfuko ukijaa wagonjwa, ada hupanda. Ada ikipanda, wazima waliokuwemo hutoka. Wakitoka, ada hupanda tena. Mwanauchumi George Akerlof, katika makala yake ya mwaka 1970 iliyokuja kumpatia Tuzo ya Nobel, alitumia mantiki hiyo kueleza kwa nini watu waliopita miaka 65 walipata shida kununua bima ya matibabu kwa bei yoyote ile. Marekani yenyewe, kwa imani yake yote katika soko, ilikuwa imeshalazimika mwaka 1965 kuanzisha Medicare, bima ya serikali kwa wazee. Soko halikuwataka.

Kuna sababu ya pili, na hiyo iliwekwa wazi mwaka 1963 na Kenneth Arrow, mwanauchumi mwingine aliyepata Nobel. Alisema matibabu si bidhaa kama nyingine. Mnunuzi hajui anachohitaji. Anayemwambia anahitaji nini ndiye huyohuyo anayemuuzia. Hawezi kuonja kabla ya kununua. Akikosea, pengine hapati nafasi ya pili ya kuchagua vizuri zaidi. Na mara nyingi uamuzi unafanywa akiwa na maumivu, au hana fahamu kabisa, au anayeamua ni mzazi aliyembeba mtoto mwenye degedege. Hakuna mtu anayeomba bei kutoka hospitali tatu huku damu inamvuja.

Wapo wanaojibu: sawa, lakini mgonjwa akichangia kidogo atakuwa na nidhamu, hataenda kuisumbua zahanati kwa mafua. Hoja hii ina nguvu sana kwenye ofisi za wizara za fedha, na katika miaka ya 1980 na 1990 ilienezwa katika nchi nyingi maskini kwa jina la uchangiaji gharama. Imepimwa, tena zaidi ya mara moja. Kati ya mwaka 1974 na 1982, taasisi ya RAND ya Marekani iliwagawa maelfu ya watu kwa bahati nasibu: wengine walitibiwa bila kulipa chochote, wengine walilipa sehemu ya gharama. Ni kweli kwamba waliolipa walitumia huduma chache kuliko waliotibiwa bure. Lakini hawakujua kuchambua. Walipunguza huduma zenye manufaa kama walivyopunguza zisizo na manufaa. Kwa watu wengi wa kipato cha kawaida afya haikubadilika sana, na hilo lazima lisemwe. Kwa maskini wenye shinikizo la damu, waliotibiwa bure walidhibiti ugonjwa wao vizuri zaidi.

Kwa mtu wa kipato kidogo matokeo ni makali zaidi. Kliniki ya magonjwa ya zinaa jijini Nairobi ilianza kutoza ada mwishoni mwa mwaka 1989. Utafiti uliochapishwa mwaka 1992 ulionyesha kwamba wanaume waliofika kliniki walishuka hadi asilimia 40 ya idadi ya awali, na wanawake hadi asilimia 65. Huo ni ugonjwa wa kuambukiza. Aliyerudi nyumbani bila kutibiwa hakurudi na tatizo lake peke yake. Miaka mingi baadaye, watafiti Jessica Cohen na Pascaline Dupas walijaribu vyandarua vyenye dawa katika kliniki za wajawazito magharibi mwa Kenya. Vilipotolewa bure karibu kila mama alichukua. Bei ilipowekwa senti 60 za dola, ambayo bado ilikuwa ruzuku kubwa, waliochukua walipungua kwa pointi 60 za asilimia. Tena waliolipa hawakuonekana kuvitumia zaidi ya waliopewa bure, ingawa tumezoea kusikia kwamba kitu cha bure hakithaminiwi.

Methali inasema mficha maradhi kifo humuumbua. Nadhani methali hiyo inawaonea wengi. Hawafichi chochote. Wanangoja mwisho wa mwezi.

Sasa turudi kwenye hilo neno "bure", kwa sababu limeleta mkanganyiko mkubwa. Hakuna matibabu ya bure. Muuguzi analipwa mshahara, gloves zinanunuliwa, umeme wa chumba cha upasuaji una bili. Wanaopinga huduma ya afya kwa wote wakisema "hakuna cha bure" wanasema kweli, na wanaoitetea wasikimbie ukweli huo. Tunachozungumzia ni matibabu yaliyolipiwa mapema. Tofauti iko kwenye saa ya kulipa: unatoa ukiwa mzima, kwa kadiri ya kipato chako, au unatoa ukiwa kitandani, kwa kadiri ya ugonjwa wako. Katika njia ya pili aliyeumwa sana ndiye anayelipa sana, na mara nyingi ndiye ambaye wakati huohuo ameshindwa kufanya kazi.

Mkanganyiko mwingine ni kuchanganya mambo matatu tofauti kana kwamba ni moja: fedha zinatoka wapi, hospitali ni za nani, na nani ameingia. Ukiyatenganisha, nusu ya ugomvi huisha.

Uingereza yote matatu yalikwenda pamoja. Tarehe 5 Julai 1948, chini ya Waziri wa Afya Aneurin Bevan, mwana wa mchimba makaa ya mawe wa Wales, serikali ilichukua karibu hospitali zote na kuzigharimia kwa kodi. Hata hivyo madaktari wa kliniki za mtaani hawakugeuzwa watumishi wa serikali. Walibaki watu wa mkataba, na wengi wao ni hivyo mpaka leo. Kanada ilichagua njia nyingine. Serikali za majimbo zinalipa kwa kodi, lakini daktari amejiajiri mwenyewe na hospitali nyingi si mali ya serikali. Daktari anamtibu mgonjwa, kisha anapeleka dai lake kwa jimbo. Ujerumani ilianza mapema kuliko wote, mwaka 1883 chini ya Otto von Bismarck, kwa makato ya lazima kutoka kwenye mishahara ya wafanyakazi na michango ya waajiri, fedha zikiingia kwenye mifuko ambayo si ya serikali lakini inabanwa na sheria. Taiwan, mwaka 1995, iliunganisha mifuko yake iliyokuwa imetawanyika kuwa mmoja wa taifa, na ndani ya muda mfupi karibu kila mkazi alikuwa ndani, huku watoa huduma wengi wakiwa binafsi.

Kwa hiyo anayesema afya kwa wote ni serikali kumiliki kila zahanati hajakosea kuhusu nchi moja, ila amezisahau nyingine. Umiliki unaweza kubishaniwa. Lisilobadilika katika nchi zote zilizofanikiwa ni kwamba kuingia si hiari, na asiyeweza kuchangia analipiwa na umma.

Huduma ya afya kwa wote haikuja kwa ukarimu wa wakubwa. Jimbo la Saskatchewan nchini Kanada, lililokuwa la wakulima wa ngano, lilianza bima ya hospitali kwa wakazi wote mwaka 1947 chini ya Tommy Douglas. Lilipotaka kuongeza na huduma za madaktari, tarehe 1 Julai 1962, madaktari wengi wa jimbo waligoma siku ileile sheria ilipoanza kutumika. Mgomo ulidumu siku 23. Douglas alikuwa ameshahamia siasa za taifa, na aliyesimama kwenye dhoruba hiyo alikuwa mrithi wake, Woodrow Lloyd, ambaye siku hizi hatajwi sana. Serikali yake haikurudi nyuma kwenye msingi, ila ililegeza masharti ya jinsi madaktari wangelipwa. Bunge la Kanada likapitisha sheria ya nchi nzima mwaka 1966, na kufikia 1972 majimbo yote yalikuwa ndani.

Swali gumu zaidi kwa nchi ambazo bado zinatafuta njia ni kama zifuate kodi au michango. Naona hapa ndipo serikali nyingi hupotea. Mfano wa Bismarck unavutia: kila mtu na kadi yake, kila mtu na mchango wake. Lakini ulitengenezwa kwa ajili ya viwanda, ambako mwajiri anakata kwenye mshahara kabla mfanyakazi hajaugusa. Mkulima, mvuvi, fundi, mama anayeuza sokoni, hao hawana anayewakata. Kipato chao hupanda na kushuka kwa msimu. Ukiwaambia wajiunge kwa hiari, unarudi palepale tulipoanzia: wanaojiunga ni wenye wagonjwa nyumbani, mfuko unaelemewa, na wakusanyaji wa michango wanagharimu sehemu kubwa ya kile wanachokusanya. Ukiwalazimisha, unahitaji jeshi la wakaguzi kufuata vijisenti. Miaka inapita, asilimia ya waliojiunga inabaki ndogo, na waliomo ni wafanyakazi wa ofisini ambao hata bila mfuko wangejimudu kwa kiasi.

Thailand ilikutana na ukuta huo. Mwanzoni mwa karne hii ilikuwa na mpango wa watumishi wa umma, mfuko wa wafanyakazi wa sekta binafsi, kadi za maskini, bima ya hiari kwa wengine, na bado mamilioni hawakuwa na chochote. Pato la wastani la mtu mmoja lilikuwa kama dola 2,000 kwa mwaka. Haikuwa nchi tajiri. Kufikia mwaka 2002 iliacha kuwakimbiza watu kwa michango na kuamua kwamba kila asiye kwenye mifuko miwili ya waajiriwa atatibiwa kwa fedha za kodi, akilipa baht 30 tu, fedha ya nchi hiyo, kila anapotibiwa, na maskini wasilipe hata hizo. Takriban robo tatu ya Wathailand wakawa ndani ya mpango huo. Serikali haikuzimwagia hospitali fedha hovyo: kila hospitali ililipwa kiasi maalumu kwa kila mkazi iliyemwandikisha, ili isifaidike kwa kurundika vipimo. Familia zilizokuwa zikifilisika kwa matibabu zilipungua sana, na wachumi waliofuatilia baadaye waliona vifo vya watoto wachanga vikishuka kwenye maeneo maskini.

Kodi nayo si malaika. Ikitoka zaidi kwenye bidhaa ambazo kila mtu hana budi kununua, maskini anaweza kujikuta anamlipia tajiri. Anayedai afya kwa fedha za umma lazima aulize pia kodi hiyo inatoka kwa nani. Lakini kodi ina jambo moja ambalo mchango hauna: haimwulizi mgonjwa mlangoni kama amelipia mwezi huu.

Lipo pia pendekezo linalosikika kuwa la huruma na la busara, kwamba serikali iwalipie maskini tu, wenye nacho wajitegemee. Nililiamini zamani. Shida ni kwamba umaskini hauna alama usoni. Inabidi kuwe na fomu, barua, kamati, uhakiki, na mwenye haja kuliko wote ndiye asiye na barua. Aliyekuwa juu ya mstari wa umaskini Jumatatu anaweza kuwa chini yake Ijumaa, na kilichomshusha ni bili ya hospitali yenyewe. Tena huduma inayotumiwa na wasio na sauti pekee haina wa kuipigania. Hakimu, mwalimu mkuu na mke wa mbunge wakilazwa wodi ileile na kila mtu, shuka hubadilishwa na dawa huagizwa kwa wakati. Hiyo ndiyo sababu nataka matajiri waingie mfuko mmoja nasi: kwa fedha zao, na zaidi kwa malalamiko yao.

Mpinzani wa dhati atauliza kuhusu gharama. Mwaka 2023 Marekani ilitumia zaidi ya asilimia 17 ya pato lake la taifa kwa afya, na bado watu kama milioni 26 hawakuwa na bima yoyote. Uingereza na Kanada hutumia kati ya asilimia 11 na 12 hivi, kila mkazi yumo, na watu wake huishi miaka zaidi. Sitadai kwamba tofauti ya umri inatokana na hospitali peke yake. Bunduki, dawa za kulevya, chakula na ajali za barabarani vimo humo. Lakini tofauti ya gharama inaelezeka. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2020 ulikadiria kwamba karibu theluthi moja ya matumizi ya afya ya Marekani ilikwenda kwenye uendeshaji, yaani bili, madai, vibali, mabishano kati ya hospitali na kampuni, wakati Kanada ilikuwa nusu ya kiwango hicho. Kila mlipaji akiwa na fomu zake, hospitali inaajiri makarani wa kuzijaza na kampuni inaajiri wengine wa kuzikataa. Halafu kuna bei za dawa. Mnunuzi mmoja wa nchi nzima anakaa mezani na kiwanda akiwa na nguvu. New Zealand iliunda wakala wake wa ununuzi, PHARMAC, mwaka 1993 kwa kazi hiyo hasa. Mgonjwa mmoja mmoja hana cha kujadiliana.

Foleni ni hoja ya haki zaidi. Mwezi Septemba 2023 orodha ya matibabu yaliyokuwa yakisubiriwa England ilipita milioni 7.7. Ni aibu, na watu wameteseka humo. Ila mwaka 2010, chini ya mfumo uleule wa kodi, orodha hiyo ilikuwa kama milioni 2.5. Katikati yake kuna kipindi cha miaka kumi ambamo ongezeko la bajeti la kila mwaka lilishuka chini ya nusu ya wastani wa kihistoria, kisha likaja janga la korona. Mfumo wa umma ukinyimwa fedha huonyesha jeraha lake kwa foleni, na foleni huhesabika, hutangazwa, na wanasiasa huulizwa. Mfumo wa kulipa mfukoni nao una watu wanaosubiri, lakini hakuna anayewahesabu, kwa sababu hawakufika hospitali kabisa. Uingereza yenyewe iliwaona watu hao mwaka 1948. Milango ilipofunguliwa, mahitaji ya miwani na meno bandia yaliwashangaza waliopanga bajeti. Zaidi ya miwani milioni 5 ilitolewa katika mwaka wa kwanza. Wapo walioita huo ufujaji. Mimi naona mamilioni ya watu waliokuwa wakiishi katika ukungu. Na serikali ilipoamua mwaka 1951 kuanza kutoza kwa vitu hivyo, Bevan alijiuzulu uwaziri.

Hoja ninayoiogopa kuliko zote haitoki kwa wapinzani. Inatoka Uganda. Mwezi Machi 2001 serikali iliondoa ada katika vituo vya umma, na watu waliitikia: mahudhurio yalipanda, maskini wakiongoza. Lakini watafiti walipoangalia matumizi ya kaya walikuta kwamba kwa familia maskini, kufilisika kwa ajili ya matibabu hakukupungua. Maelezo yaliyoonekana kuwa na uzito zaidi yalikuwa rahisi mno. Mgonjwa alionwa bure, akaandikiwa dawa, dawa hazikuwepo, akatumwa duka la dawa. Ada ya kliniki ilikuwa imefutwa, ila gharama ilikuwa imehamia mtaa wa pili. Kufuta ada bila kujaza pengo lake ni kuhamisha mateso, na mtu akishatembea nusu siku kwenda kukuta rafu tupu, atakumbuka hilo mara nyingine atakapoitwa.

Kwa sababu hiyohiyo sipendi kuahidi kwamba fedha za umma zitatibu kila kitu. Mwaka 2008 jimbo la Oregon nchini Marekani lilikuwa na nafasi chache za Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, likaamua kuzigawa kwa bahati nasibu. Baada ya kama miaka miwili, sonona ilikuwa imepungua miongoni mwa waliopata, na zile gharama za kufilisi zilikuwa karibu zimetoweka. Shinikizo la damu na kolesteroli havikuonyesha badiliko la wazi. Bima humkinga mtu na umaskini na hofu mapema kuliko inavyobadili mishipa yake. Hiyo kwangu si faida ndogo.

Na kila mfumo una mpaka. Thailand mwaka 2002 haikuweka kusafisha damu kwa wagonjwa wa figo kwenye kitita chake, kwa hofu kwamba kungemeza bajeti. Wagonjwa na jamaa zao walipiga kelele miaka kadhaa. Mwaka 2008 huduma hiyo iliingia, ikianza na njia ya kusafishia tumboni ambayo mgonjwa hujifanyia nyumbani. Katika soko, mgonjwa wa figo asiye na fedha hana wa kumlilia. Pale, uamuzi ulikuwa wa umma, na umma uliweza kuubadilisha.

Ukubwa wa kazi iliyobaki unajulikana. Shirika la Afya Duniani na Benki ya Dunia walikadiria kwamba mwaka 2021 watu bilioni 4.5, zaidi ya nusu ya dunia, hawakuwa wakipata huduma muhimu zote za afya, na kwamba mwaka 2019 watu bilioni 2 walibanwa kifedha kwa sababu ya matibabu. Serikali nyingi huzungumzia kazi hiyo kwa kutaja idadi ya kadi zilizogawiwa. Mimi siangalii kadi. Natafuta sehemu ya matumizi yote ya afya ya nchi ambayo wananchi hutoa mfukoni wakati wa kutibiwa, takwimu ambayo Shirika la Afya Duniani huitoa kwa karibu kila nchi. Ripoti yake ya mwaka 2010 ilieleza kwamba sehemu hiyo ikishuka hadi asilimia 15 au 20, familia zinazofilisika kwa ugonjwa huwa chache sana. Nchi inaweza kutangaza bima kwa wote, ikabadili jina la mfuko na rangi ya kadi, na sehemu hiyo ikabaki asilimia 40. Basi watano wa mbele ya mstari bado wanajilipia wenyewe.